Usiku wa Machi 17

Machi 17, 2021 usiku, mimi na mama tulikuwa tunaangalia runinga Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Rais Magufuli. Mama akashika kichwa: "Sasa nchi anabaki nayo nani?" Nikamsomea Katiba, ibara ya 37(5): Makamu anaapishwa, anamalizia muda uliobaki. Machi 19 akaapa Ikulu Dar, Msahafu mkononi. Nilijivunia sana nchi yangu siku ile.

Aprili akatangaza kuunda kamati ya wataalamu wa korona, Julai akachanjwa hadharani. Katiba ni ileile, mamlaka ni yaleyale, ila msimamo wa serikali kuhusu korona, uliotilia shaka chanjo enzi za Magufuli, umegeuka kabisa! Hapo ndipo nilipoona uzito tunaomtwika mtu mmoja, na ndiyo maana naidai Katiba Mpya.