Linki 1,812 kwangu, 196 kwa mwingine: nilivyomwelewesha mzee wa Keko

Mwaka jana nilikuwa nashughulikia websaiti ya mzee mmoja anatengeneza samani pale Keko, vitanda, makabati, sofa, na kila mwisho wa mwezi nampelekea ripoti. Siku hiyo nafika karakana, shikamoo mzee, akaitikia kwa mbali tu kisha akanipa simu yake nisome. Kuna kijana alikuja kuomba kazi, akamwambia websaiti yako ina baklinki 196, yaani linki za websaiti nyingine zinazoelekeza kwako, na ripoti yangu ilikuwa imeandika 1,812. "Mwanangu, hizo nyingine zimeenda wapi? Unanipiga?" Aisee niliumia, maana huyu mzee ananilipa kwa wakati na hajawahi kunibana.

Nikamwomba siku tatu. Nikarudi zangu Sinza, nikaweka bando, nikatoa data Search Console ya Google, halafu programu za kuhesabu linki, Ahrefs, Semrush, Moz na Majestic, nyingine kwa akaunti ya mshkaji. Sehemu tano, namba tano, hakuna mbili zilizolingana. Nikazimwaga zote kwenye Excel, nikazipanga kwa domeni, yaani jina la websaiti inayotoa linki.

Hapo ndo nikaona. Mistari 1,597 ilikuwa inatoka kwenye websaiti moja tu! Ni ukumbi wa harusi kule Mbezi, viti vyao walichukua kwa mzee, wakaweka jina lake na linki chini kabisa ya ukurasa, sasa kile kipande cha chini kinajirudia kila ukurasa, picha, matangazo, bei, mpaka kalenda. Programu moja inahesabu kila ukurasa, nyingine inazikusanya inaita moja. Ongeza anwani moja kuandikwa kwa http na kwa https, yenye www na isiyo na www, ukurasa uleule unaingia mara mbili mara tatu. Nilipobakiza domeni peke yake zikawa 41.

Lakini hata hizo 41 hakuna programu iliyokuwa nazo zote. Kila kampuni inatuma roboti yake, yaani programu inayopita kurasa kwa kurasa ikisoma linki, kutembea intaneti, AhrefsBot, SemrushBot, DotBot ya Moz, MJ12bot ya Majestic, na hazipiti njia moja wala hazirudi siku moja. Blogu moja ya mapambo ya nyumba nilifungua faili lake la robots.txt, lile linaloziambia roboti wapi zisiingie, nikakuta User-agent: MJ12bot, chini yake Disallow: /, yaani hiyo roboti imezuiwa mlangoni, linki naiona kwa macho yangu ila Majestic hawana ruhusa ya kuusoma ule ukurasa. Na Search Console yenyewe haionyeshi linki zote, Google wanasema hivyo wenyewe.

Halafu kuna linki zilizokufa. Mtu kafuta ukurasa wake, ila mpaka roboti irudi kuangalia, programu inaendelea kuihesabu. Majestic wana ghala mbili, Fresh ya linki za karibuni na Historic inayotunza za miaka ya nyuma, ukichanganya hizo mbili kwenye ripoti umeshajiharibia. Nilifungua zote 41 moja moja, usiku kucha, 32 zipo hai, 9 hazipo.

Nikarudi Keko. Sikumwambia habari ya roboti, nilimwambia mzee, chukulia watu wawili wanahesabu daladala za Mbagala, mmoja kakaa Rangi Tatu anahesabu kila gari linapopita, hata likipita mara kumi anaandika kumi, mwingine kakaa Kariakoo anaandika namba za gari, likirudi halihesabu tena. Jioni mmoja ana mia nane mwenzake ana tisini, nani muongo? Akanyamaza, akasema hakuna muongo, ila we ungeniambia tangu mwanzo unahesabu nini. Alikuwa sahihi kabisa, hilo ni kosa langu.

Tukakubaliana ripoti iwe na domeni zilizo hai tu, na kupanda au kushuka tuangalie kwenye programu moja ileile kila mwezi, tusirukeruke.

Nikampa karatasi, 32 juu, 9 chini. Zile 32 hakuzijali, akashuka na kidole kwenye zile 9, akasimama kwenye jina la fundi mmoja wa mapazia, "huyu mbona namjua", akapiga simu palepale. Kesho yake asubuhi linki ilikuwa imerudi.