Wimbo wa saba wa taarabu ya harusi

Mjomba alinipa CD ya taarabu iliyorekodiwa kwenye harusi ya bintiye, nimtilie nyimbo kwenye flashi. Ilikuwa diski ya kuchoma, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kava. Kompyuta ilikuwa ya Debian, aina ya Linux, drevu ya DVD ya kuchomeka USB.

"Si unakopi tu, mjomba?" aliniuliza.

Haikopiki. CD ya muziki haina mfumo wa mafaili, ndiyo maana `mount`, amri ya kufungulia diski, iliikataa. Kilichomo ni mkondo wa sauti, sekta (vipande) 75 kwa sekunde, kila sekta baiti 2352. Kwenye CD ya data, sekta kama hiyo hubeba baiti 2048 tu, na nyingi kati ya zilizobaki ni za kusahihishia makosa. Muziki hauna kinga hiyo ya ziada. Drevu ikishindwa kusoma, mara nyingi huziba pengo kwa kukisia, kimyakimya.

Nikatumia cdparanoia, programu ya kutoa nyimbo kwenye CD, ambayo husoma vipande vinavyopishana na kuvilinganisha. `cdparanoia -Q` ikaonyesha orodha, `cdparanoia -B` ikaanza kutoa faili la WAV (sauti isiyobanwa) kwa kila wimbo, megabaiti 10 na ushei kwa dakika. Hali ya usomaji huonyeshwa kwa kijisura: nyimbo sita za mwanzo zilipita na `:-)`, yaani shwari. Wa saba uso ukageuka `8-|`, mstari ukajaa `!`: drevu inakosea palepale kila ikirudia. Ingetokea `V`, maana yake kipande kimerukwa.

Nikakatisha, nikaiinamisha diski kwenye mwanga. Alama za vidole, na mkwaruzo upande wa kusomea. Afadhali huko, upande wa maandishi tabaka linaloakisi mwanga liko juujuu, likichunika basi tena. Nikafuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kunyoosha kutoka tundu la katikati hadi ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, mchubuko wowote utafuata njia ya data na kula baiti nyingi mfululizo; unaokatiza hula chache, na diski huzisahihisha.

Kisha `cdparanoia -S 4 7 wimbo07.wav`, yaani usome wimbo wa 7 kwa kasi ndogo ya 4x. Drevu nyingine hupuuza hiyo `-S`. Hii ilitii, ikajikongoja hadi `:^D`, yaani imemaliza. Nikautoa tena, `md5sum` (namba ya kutambua yaliyomo kwenye faili) zikalingana.

Mjomba akataka tuhakikishe kwa laptopu yake. `md5sum` ikaja tofauti kabisa, akadhani tumeharibu. Wala. Kila aina ya drevu huanza kusoma sampuli (chembe za sauti) kadhaa kabla au baada ya mwanzo halisi. Sauti ni ileile, imesogea tu. Chaguo la `-O` la cdparanoia ndilo la kurekebisha msogeo huo.

Nikazibana nyimbo kwa `flac -8`, bila kupoteza sauti. Script ya abcde, ya kutoa nyimbo za CD, huchukua majina MusicBrainz, hazina ya taarifa za muziki mtandaoni, lakini harusi ya mtaani haipo huko, kwa hiyo mjomba alisoma kava nami nikayaandika ndani ya mafaili kwa `metaflac --set-tag`. Redio ya gari lake haisomi FLAC. Kwenye flashi nikamwekea MP3 za `lame -V 2`.