Kugawanya kwa Kumi na Mbili

Tangazo lilibandikwa Jumatatu moja ya Agosti 2016, ukutani karibu na mlango wa chumba cha baridi, katika shamba la maua lililo kando ya ziwa Naivasha. Nafasi moja ya msimamizi wa pakihausi, banda la kupanga na kufunga maua. Miaka yote iliyotangulia nafasi kama hiyo haikuwahi kutangazwa popote. Mtu alikuwa akinong'onezewa jioni, basi likiwa limeshawapeleka akina mama mtaani Karagita, na asubuhi tunaambiwa msimamizi mpya ni fulani. Kamati ya jinsia, ambayo nilikuwa karani wake, iliomba kwa miezi 8 ndipo ofisi ikakubali: tangazo likae siku 7, liwe kwa Kiswahili, litaje masharti yote. Tuliomba na mshahara utajwe. Hapo tulikataliwa, nasi tukanyamaza. Tulikosea.

Masharti yenyewe yalituchukua muda. Rasimu ya ofisi ilidai stashahada na miaka 2 ya kusimamia watu. Ukiisoma haraka huoni ubaya. Lakini katika shamba lile waliopata kusimamia watu walitoka timu ya kunyunyizia dawa na timu ya umwagiliaji, na humo hamkuwa na mwanamke hata mmoja. Kwa hiyo tuliandika kazi anazofanya msimamizi wa pakihausi tangu asubuhi hadi jioni. Anapokea ndoo za maua kutoka grinihausi na kuona kama maji ni safi. Anahakikisha waridi halikai kwenye joto likisubiri meza. Anawapanga wagredi, yaani wanaochambua maua kwa urefu na ubora, anakagua urefu wa mashina, sentimita 40, 50 au 60, anaangalia vichwa visiwe na ukungu wa kijivu, anahakiki kwamba kila fungu lina mashina 20, kisha anaandika yaliyotupwa na sababu ya kutupwa. Yote hayo wagredi waliyajua kwa mikono yao, na wagredi karibu wote walikuwa wanawake. Stashahada ikaondolewa. Yakabaki miaka 3 ya kugredi, uwezo wa kuandika ripoti, na wastani wa mafungu yasiyopungua 100 kwa siku katika mwaka uliopita.

Sharti hilo la mwisho tulilipitisha sisi wenyewe, tukiona ni la haki kwa kuwa ni namba tupu.

Waliomba watu 14, wanawake 9. Orodha ya waliofuzu iliporudi ilikuwa na majina 5, na mwanamke alikuwa mmoja tu. Tukaomba kuona daftari la hesabu. Nalikumbuka vizuri: jalada gumu jeusi, pembe zimelainika kwa unyevu, kila mgredi na mstari wake, kila mwezi na safu yake. Kwenye mstari wa mama mmoja, miezi ya Februari, Machi na Aprili ilikuwa na sufuri tatu, na juu yake kwa wino mwekundu: "hayupo". Alikuwa amejifungua.

Tukapiga hesabu mezani pale pale. Kwa mwezi wa siku 26, mafungu yake yote ya mwaka yalikuwa 28,080. Ofisi iliyagawanya kwa siku za miezi 12, yaani 312, ikapata 90, na jina lake likakatwa. Lakini alifanya kazi miezi 9, siku 234. Gawanya tena: 120 kwa siku. Kati ya wanawake 8 waliokatwa, 4 walikuwa na sufuri za namna hiyo.

Meneja alituuliza swali ambalo hata mimi naliona la haki: sheria inampa mama likizo, lakini inasema wapi kwamba ahesabiwe maua ambayo hakuyagredi? Mwenyekiti wetu akamjibu kwa upole, "Mzee, hatuombi ahesabiwe hata shina moja. Tunaomba siku za likizo zitolewe kwenye kigawanyo." Kisha akafungua Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Kifungu cha 29 kinampa mama miezi 3 yenye mshahara kamili. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi katika kupandisha watu cheo, na ujauzito umetajwa humo kwa jina. Na mlalamishi akifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hapo meneja akavuta kalkuleta.

Majina manne yakarudi. Likarudi na la kijana mmoja aliyekuwa amelazwa wiki 5 kwa kuvunjika mguu, naye hakuwa amemlalamikia mtu.

Mahojiano yalikuwa na watu 3 upande wa meza, mmoja wao mwanamke, na maswali 6 yale yale kwa kila aliyeingia. Swali la "mtoto utamwachia nani" tulilifuta kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kuulizwa. Jambo tulilosisitiza kuliko yote ni kila mmoja aandike alama zake na karatasi zikusanywe kabla ya mtu kufungua mdomo. Mkubwa akitangulia kusema "huyu amejieleza vizuri", kalamu za wengine humfuata. Yule mama wa sufuri tatu akaongoza kwa wote 3.

Barua yake ilitoka Jumatano ikiwa na mshahara ulio chini ya ule wa msimamizi aliyeondoka. Ofisi ikasema bado anajifunza. Mwenyekiti akamwomba yule aliyeondoka barua yake ya siku ya kwanza kazini, naye akaileta bila kinyongo. Tukaziweka mbili sambamba: cheo kile kile, majukumu yale yale neno kwa neno, na yule aliyeondoka alianza na mshahara kamili. Kifungu kile kile cha 5 kinataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Ijumaa barua ikachapishwa upya. Mama aliisoma yote akiwa amesimama, aprini bado imelowa, akaweka kidole kwenye tarakimu ya mshahara kwa muda, kisha akaomba kalamu.