Bastola ya Mjerumani kwenye Mirathi ya Ukweni

Huku Ohio, Marekani, wazee waliopigana Ulaya kwenye Vita Kuu ya Pili karibu wote wametangulia, na sasa watoto wao nao wanaondoka mmoja mmoja. Wanaacha nyumba, masahani ya kaure ambayo hakuna mjukuu anayeyataka, na mara nyingi, chini ya droo ya chumbani, bastola ndogo ya Kijerumani. Sisi tuliooa huku tunajikuta tumo kwenye mirathi hiyo. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alinikabidhi ya kwao ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi. "Hiyo ni Luger ya babu," akasema. "Aliipokonya kwa jenerali."

Haikuwa Luger, ile bastola maarufu ya Kijerumani. Na hao majenerali, kwa hadithi ninazozisikia kwenye misiba ya huku, walikuwa wengi kuliko askari wa kawaida.

Lakini ndugu yangu, kabla hujauliza ni bastola gani, tazama kwanza makaratasi yako mwenyewe. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vipengele vichache kama leseni ya uwindaji. Urithi hauondoi katazo hilo. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au uraia anaruhusiwa, ilimradi hana zuio jingine. Sheria hiyo inaruhusu silaha ya urithi kuvuka mpaka wa jimbo moja hadi jingine bila kupitia kwa muuza silaha, ila jimbo unaloishi lina masharti yake, na mengine ni makali. Lipa wakili saa moja. Kosa la silaha kwa mhamiaji ni tiketi ya kurudi nyumbani.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Kwanza hakikisha haina risasi. Toa magazini, yaani kikasha cha risasi, kisha vuta nyuma lile gamba la juu, wenyewe huliita slaidi, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na kuingiza ncha ya kidole. Kutoa magazini peke yake hakutoshi, maana risasi moja inaweza kuwa imebaki juu ikikungoja.

Yangu ilikuwa na maandishi upande wa kushoto: WAFFENFABRIK MAUSER A.-G. OBERNDORF A.N. Upande wa kulia: MAUSER 7,65. Mimi mtu wa Tanga, na jina hilo si geni kwetu. Kwenye vita vya Novemba 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la wakoloni wa Kijerumani, walikuwa na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zile za baruti ya moshi. Hii yangu ni ndugu yao mdogo wa mfukoni, ile inayoitwa Model 1914: milimita 7.65, magazini ya risasi nane, urefu kama sentimita 15 hivi. Usichanganye na Model 1910, ndogo zaidi, ya 6.35. Wala na ya 1934, ambayo mpini wake umepinda zaidi ukaingia vizuri mkononi. Hiyo 7.65 Mmarekani anaiita .32 ACP. Ni risasi ileile, majina mawili, na wauza duka wachanga huwa hawajui.

Baada ya jina, tafuta alama ndogondogo, na hapo utahitaji kioo cha kukuzia na taa ya pembeni. Herufi N yenye taji juu yake ni muhuri wa ukaguzi wa Ujerumani uliotumika hadi mwaka 1940, ulipokuja wa tai. Ukikuta neno Germany limegongwa kwa Kiingereza, elekea kuamini kwamba bastola hiyo iliuzwa Marekani dukani kihalali, na hadithi ya jenerali imekufa hapo hapo. Tai mwenye namba chini yake ni alama ya wakaguzi wa jeshi la Hitler. Alama hizo hupandisha bei, kwa hiyo kuna watu huzigonga wenyewe kwenye karakana zao. Mtu akikuonyesha tai mpya mkali juu ya chuma kilichochakaa, mwache na tai wake.

Kisha linganisha namba. Kwenye bastola hizi namba ya mwili na ya slaidi zinatakiwa kufanana. Na kama mzee alikuwa makini, kuna karatasi: cheti alichosainiwa na ofisa wake kumruhusu kurudi nyumbani na nyara ya vita, wakati mwingine kikiwa na namba ya silaha. Karatasi hiyo, ikilingana na bastola, huweza kuongeza bei sana. Yetu ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia, na nusura itupwe pamoja na risiti za umeme.

Matunzo sasa, na hapa ndipo watu huharibu mali. Kwa mkusanyaji, ile rangi ya kiwandani, bluu inayoelekea weusi, hata ikiwa imepauka, ndiyo thamani yenyewe. Anayeipeleka kwa fundi ikapakwe upya ing'ae ameshaiua bei. Usiguse brashi ya chuma, usiguse msasa. Kutu nyekundu ya juujuu unailainisha kwa mafuta ya bunduki, unaiacha ilowe, kisha unaifuta taratibu kwa kitambaa. Ile ya kahawia iliyotulia, iache.

Mpini wa Model 1914 ni ubao mmoja wa mti wa walnut unaozunguka mgongo mzima. Ni mwembamba, na umezeeka. Ukiung'oa kwa bisibisi utapasuka pale nyuma, na mbao nzima za aina hiyo ni za kutafutwa. Kama si lazima, usiutoe. Mtutu hutoka kwa njia nyingine: kuna kizuizi kidogo chini ya mdomo wake, ukikifungua unavuta pini ndefu inayokwenda chini ya mtutu wote, kisha mtutu wenyewe unanyanyuka. Ufundi wa kupendeza kweli.

Jambo moja la hatari, halafu tumalize hilo. Slaidi ya Mauser hii hubaki nyuma risasi zikiisha, na ukiingiza magazini hujirudisha mbele yenyewe. Magazini ikiwa na risasi, papo hapo moja imepanda chemba bila wewe kuvuta kitu. Mtu aliyezoea bastola za kisasa hategemei hilo.

Ule mkoba wa ngozi wa mzee, mzuri sana machoni, ni adui. Ngozi hunyonya unyevu na ina kemikali za kutengenezea ngozi, zote hizo zinalala juu ya chuma miaka na miaka. Mkoba uhifadhi peke yake, bastola ifunge kwenye sefu na vifuko vya kukausha unyevu. Ishike kwa glavu za pamba, au futa alama za vidole kabla hujafunga. Jasho la mikono huchora kutu yenye umbo la kidole, niamini.

Shemeji zangu kule nyumbani wananiuliza kwa nini nisiilete waione. Wanajua fika kwamba silaha haiingii Tanzania bila kibali, na kuitoa Marekani kuna ruhusa zake pia, lakini mtu wa Tanga kuomba hachoki. Nimewatumia picha.

Na mwanangu wa kiume anataka tuipeleke uwanja wa shabaha. Springi zake zimekaa miaka mingi kuliko baba yangu mzazi, na pini yake ikivunjika sijui nitaipata kwa nani. Fundi akishaikagua na kubadili springi, labda. Kwa sasa tunakodi bastola ya uwanjani, na yeye analipia risasi.