Jiko limekufa nusu, Jumapili, na wageni wako njiani

Habari zenu ndugu zangu, hii naiandika kwa ajili ya wenzangu mlioko Ujerumani, hasa mliofika juzijuzi mkapanga kwenye majengo ya zamani, maana wiki iliyopita ilibaki kidogo tu nitupe jiko zima.

Mi niko Dortmund, jengo la miaka ya 60, ghorofa ya tatu. Kwa ambao hamjui, huku nyumba nyingi unapangishwa jiko hakuna, yaani unaingia unakuta ukuta na bomba la maji limechungulia basi, kabati, sinki, jiko, vyote utajijua mwenyewe. Langu nilinunua la mtumba Kleinanzeigen, mtandao wa huku wa kuuziana vitu vilivyotumika, pleti nne za chuma juu, oveni chini. Halina plagi, fundi ndo analifunga kwenye boksi la ukutani kwa kebo yenye nyaya tano ndani. Hizo nyaya tano zishikeni, nitazirudia.

Basi Jumapili saa nne asubuhi maharage yako kwenye pleti kubwa ya nyuma kushoto, ile yenye doti jekundu inayowaka haraka, wageni wako kwenye treni wanatoka Essen, mi niko chumbani namvalisha mtoto nikasikia maharage yanafurika, nikakimbia, nakuta maji yametapakaa pleti nzima na hapohapo paa! kitu kikalia koridoni. Taa zinawaka, friji inanguruma kama kawaida, ila pleti ndo inapoa hivyo.

Umeme kuisha kama LUKU, ule wa kulipia kabla kule Tanzania, haiwezekani, mi nalipa kwa mwezi. Maduka Jumapili yamefungwa. Mume wangu yuko zamu. Nikapiga namba ya fundi wa dharura niliyoipata mtandaoni, akaniambia euro 180 kwa kuja tu, kabla hajashika hata bisibisi. Nikakata simu, nikampigia mdogo wangu Tanga, yeye ni fundi umeme.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, jiko limekufa."

"Limekufa lote au nusu?"

Nikanyamaza, maana sikuwa nimeangalia. Akaniambia usifungue kitu chochote, washa moja moja kisha zima, uniambie kipi kinapata moto. Nikafanya hivyo. Mbili za kushoto baridi, mbili za kulia zinawaka, oveni inawaka na taa yake.

"Dada hilo jiko limekosa fezi moja tu, usilitupe."

Sasa hapa ndo naomba tuelewane. Fezi ni waya unaoleta umeme. Huku jiko linaletewa fezi tatu, kila moja volti 230, na kati ya fezi na fezi ni volti 400. Ndo maana nyaya ni tano, fezi tatu, nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Nyumbani fezi tatu tunaziona kwenye mashine za kusaga, na pale fezi moja ikikatika mota inanguruma haizunguki, kazi yote inasimama. Jiko sio mota. Kwangu fezi ya kwanza inalisha pleti za kushoto, ya pili za kulia, ya tatu oveni, kwa hiyo ikikatika moja kinakufa kipande chake tu, na ukikuta kipande kimekufa na vingine vizima nenda kwanza kwenye fyuzi kabla hujalilaumu jiko.

Boksi langu la fyuzi liko koridoni na ni la zamani, sio sakiti breka, ni zile fyuzi za kauri unazifungua kwa kuzungusha kama balbu. Kila moja ina kidoti cha rangi kichwani unakiona kwenye kioo kidogo, ya ampia 16 kidoti chake kijivu, ya 10 chekundu, ya 20 bluu. Fyuzi ikiungua kidoti kinadondoka. Nikamulika kwa simu, na kweli, moja kati ya tatu za jiko kidoti kimelala kwenye kioo.

Fyuzi ya akiba sina. Nikashuka kwa mzee wa ghorofa ya kwanza, nikamuonyesha ile iliyoungua, akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti limejaa fyuzi, akanipa tatu zenye kidoti kijivu. Na akanionya nisije nikatia kubwa zaidi. Hata hivyo haiingii, maana mle ndani kuna pete imepimwa kwa saizi, fyuzi ya 20 ncha yake ni nene kuliko tundu. Nikakumbuka kule kwetu watu wanavyosokota waya mnene kwenye kataut, kile kishikio cha fyuzi, ili "isikatike tena", na nyumba zinaungua kwa mchezo huo. Tuache jamani.

Mdogo wangu akiwa bado kwenye video nikazima vitufe vyote vya jiko, mikono mikavu, nikafunga fyuzi mpya. Kimya. Nikawasha pleti ndogo ya mbele kushoto, ikapata moto vizuri, dakika tano hamna shida. Nikazima, nikawasha ile kubwa ya nyuma. Paa! Basi mwenye kosa kajulikana, maji ya maharage yameingia ndani ya pleti yakapiga shoti. Nikatia fyuzi nyingine, ile kubwa sikuigusa tena, nikapika kwa tatu zilizobaki. Wageni walikula saa tisa, na walishiba.

Kuna dalili nyingine nataka mzijue. Kama jiko limekufa na chumba kingine nacho kimekuwa giza, tatizo liko kule umeme unakotokea kabla haujafika kwenye boksi lako, labda fyuzi kuu kule besimenti, na hizo zina sili ya kampuni ya umeme, usiguse, piga simu. Kama taa zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zinafifia, hiyo ni nyutro imelegea, zima mein swichi saa hiyohiyo maana vyombo vinaweza kuungua. Na kama oveni peke yake imegoma na saa yake inapepesa baada ya umeme kukatika, iwekee saa kwanza, oveni nyingi haziwaki mpaka saa iwekwe, dada mmoja wa Mombasa namfahamu alimlipa fundi aje kubonyeza vitufe viwili.

Jumatatu nikampigia hausimaista, yule mtunzaji wa jengo, namba yake imebandikwa mlangoni pale chini. Msiogope kumpigia kwa sababu ya Kijerumani kibovu, mi nilimwambia jiko, fyuzi, paa, akaelewa. Nyaya za ukutani na boksi ni mali ya mwenye nyumba, matengenezo ni juu yake, jiko ni langu kwa hiyo pleti nikanunua mwenyewe, na aliyeifunga ni fundi aliyesajiliwa, sio mimi, hizo volti 400 sio za kujifunzia.

Jana nilimpelekea mzee pakiti nzima ya fyuzi mpya na bakuli la maharage ya nazi. Fyuzi alizirudisha mkononi mwangu, akasema weka kwako, bakuli akaingia nalo ndani.