Baa iliyokuwa ghala la watawa

Jana nimekula mchana The George Inn, kijijini Norton St Philip, Somerset, Uingereza. Jamani, jengo la karne ya 14! Lilikuwa mali ya watawa wa Hinton Charterhouse. Juu ghala la sufu, chini wasafiri wakila na kulala. Samuel Pepys, Mwingereza maarufu kwa shajara yake, alipita 1668 na familia yake, akaandika kwenye shajara kwamba walikula vizuri kwa shilingi 10. Mimi nimelipa zaidi, tusiulizane.

Kilichonikamata ni habari ya Juni 1685. Duke wa Monmouth, mtoto wa nje wa Mfalme Charles II, aliweka kambi hapa akitaka kumpokonya kiti cha ufalme baba yake mdogo, James II. Julai alishakatwa kichwa. Wenyeji wanaendelea na bia zao tu.