Saba ya nani?

Kwa miezi minne mguu wangu wa kushoto uliniamsha saa tisa usiku, na kila nilipokwenda kuonwa swali lilikuwa lile lile: kuanzia sifuri hadi kumi, unauma kiasi gani? Kumi, wanasema, ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Sasa mimi ni mtu wa kuwaza. Nikamuwaza anayekatwa mguu bila ganzi, nikaona haya, nikasema nne. Nikapewa parasetamoli nikapumzike.

Washauri hawakukosekana. "Shemeji, wewe sema kumi, la sivyo hawatakujali," akaniambia mume wa dada yangu, ambaye hajawahi kuumwa hata jino. Kunguni wa kitanda changu angewajulia wapi? Lakini nikamsikiliza. Safari iliyofuata niliingia nachechemea vizuri kabisa, isipokuwa nilichechemea mguu wa kulia. Nesi akauliza, nikajibu "Kumi!" kwa sauti ya kwaya. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu, nikausoma, nikacheka. Kuinua macho, namkuta ananitazama kama mtoto aliyeficha sukari mdomoni. Akaandika kitu. Hakikuwa kumi, naapa.

Na maumivu yalikuwepo! Anayeumwa naye hucheka. Katika zile saa za kukesha nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba miaka ya 1940 watafiti wa Marekani waliwachoma watu kwenye paji la uso kwa joto la taa ili wapate kipimo cha maumivu, wakakiita "dol". Miaka hiyo hiyo, vitani, daktari Henry Beecher akaona askari wengi waliojeruhiwa vibaya wakisema hawahitaji dawa ya maumivu. Taa gani itapima hilo?

Basi nikaachana na kumi ya watu, nikatengeneza ngazi yangu. Tatu: kujikwaa kidole kwenye mguu wa meza. Saba: lile jipu la jino lililoniliza mbele ya watoto. Nikaweka na daftari. "Jumanne, nimeshindwa kufunga kamba za viatu, nimevaa ndala kazini." "Alhamisi, nimekaa dakika 20, nikasimama hadi mwisho wa kikao." Neno "inauma" nikalifuta kabisa, maana halisemi kitu. Inapwita? Inavuta? Inawaka? Yangu ilikuwa shoti ya umeme kutoka takoni hadi kidole gumba cha mguu, kisha unyayo unakufa ganzi.

Daktari, mwingine safari hii, alipofika kwenye "shoti" aliweka kalamu chini. Akanilaza chali, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, nikapiga yowe ambalo shemeji angejivunia. Mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, akasema, na parasetamoli peke yake isingefua dafu. Nikabadilishiwa dawa, nikapewa na mazoezi ambayo siku za mwanzo niliyachukia. Baadaye nikagundua ujanja wangu si mpya: dodoso la Ronald Melzack wa Kanada, la mwaka 1975, lina maneno 78 ya kueleza maumivu. Mimi nilikwenda na mawili matatu tu.

Niliporudi baada ya wiki sita nilimkuta yule yule nesi wa kwanza.

"Leo ngapi?"

"Tatu."

Akanitazama miguu yote miwili. "Tatu ya nani?"

"Ya meza, dada," nikamwambia, nikafungua daftari.